Tuanzie kwenye ukucha

Mwanamke wa Mombasa akisema vidole vimevimba na asubuhi havikunjiki, jina la ugonjwa hutajwa kabla hajamaliza kueleza: baridi yabisi. Ataondoka na dawa ya kuchua, tembe za maumivu na, mara nyingi, prednisoloni, yaani dawa ya steroidi. Wengi kweli wanaumwa viungo. Wachache, hata hivyo, wana skleroderma: kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe, mishipa midogo ya damu inaharibika, kisha ngozi, mapafu na figo vinaingia makovu. Kwa hao, prednisoloni ya zaidi ya miligramu 15 kwa siku huongeza hatari ya figo kuporomoka ghafla.

Utafiti wa ugonjwa huu umepiga hatua kubwa. Mwaka 2024 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, walichapisha habari za wagonjwa 15 wa magonjwa ya kinga, wanne wao wa skleroderma, waliotibiwa kwa chembe zao za kinga zilizobadilishwa maabara. Nashangilia kazi hiyo kwa dhati. Lakini mgonjwa wa Likoni au Changamwe atafaidika zaidi, na leo hii, kwa kitu ambacho watafiti walikibaini zamani: ukucha hutoa habari mapema, ngozi ikiwa bado laini.

Dalili ya kwanza kwa kawaida ni ile aliyoieleza daktari Mfaransa Maurice Raynaud mwaka 1862, nayo huitwa kwa jina lake: vidole hupauka kwa baridi, huwa vya buluu, kisha vyekundu. Joto letu huificha. Ukimuuliza mtu wa Pwani kama baridi inamsumbua, atakujibu hapana. Muulize kuhusu barafu ya samaki, friza, ofisi yenye kiyoyozi. Na kwenye ngozi nyeusi usitazame mgongo wa kidole. Tazama upande wa kiganja na chini ya ukucha. Mgonjwa akivipiga picha kwa simu vinapobadilika, hiyo ni nusu ya kazi.

Kisha uchunguzi wenyewe. Mgonjwa akae dakika 15 hadi 20 kwenye chumba kisicho na baridi, maana mishipa iliyojikunyata haionekani. Hina ni kizuizi kikubwa hapa kwetu: rangi yake kwenye ngozi ya mzizi wa ukucha hufunika kila kitu, kwa hiyo aje wiki mbili au tatu baada ya kuipaka. Weka tone la mafuta ya zeituni au geli ya ultrasaundi kwenye ngozi hiyo, uangalie kwa dematoskopi, lenzi ya kutazamia ngozi, inayokuza mara 10. Pitia vidole vyote isipokuwa gumba. Cha pete na cha mwisho ndivyo vyenye ngozi inayopenya nuru vizuri. Mishipa mizima ni vitanzi vyembamba vilivyojipanga kama meno ya kitana. Kwenye skleroderma utaona vitanzi vilivyofura, vidoa vya damu, na baadaye mapengo. Jeraha moja kwenye kidole kimoja si hoja. Kazi na kung'ata kucha huliacha pia.

Kwa vigezo vya skleroderma vya mwaka 2013, Raynaud ni alama 3, vidole vilivyovimba 2, mishipa ya ukucha 2. Hizo ni 7, na zinazohitajika ni 9. Kingamwili mahususi za skleroderma huongeza 3. Kama fedha ni za kipimo kimoja tu cha damu, nenda na cha kingamwili hizo. (Ngozi yenye madoa meupe huku rangi ikibaki kuzunguka vinyweleo nayo isiitwe mbalanga haraka; yaweza kuwa skleroderma.)

Mapafu yapimwe nguvu ya pumzi na, ikiwezekana, CT (picha ya kina ya kompyuta), kwa sababu eksirei huweza kuonekana safi ilhali makovu yameanza.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni presha. Iandikwe kwenye kadi tangu siku ya kwanza. Mtu wa 100/60 akifika 135/85 ataambiwa yuko sawa, kumbe namba ya juu imepanda 35 na ya chini 25. Ya juu ikipanda 30 au ya chini 20, inatosha kuwa dharura ya figo, hasa miaka ya mwanzo ya ugonjwa na ngozi ikikakamaa kwa kasi. Apimwe figo siku hiyo hiyo, na figo zikiwa zimeguswa aanzishiwe kaptoprili, dawa ya kushusha presha. Kreatinini, taka ya damu inayoonyesha hali ya figo, ikipanda siku za mwanzo, dawa hiyo isikatizwe.