Flashi Haikuwa Tupu

Kwa kuwa fundi wangu wa taa ameshawatangazia kwamba nilivuka ziwa hadi Ukerewe kumpelekea mama wa bibi harusi flashi tupu badala ya video ya harusi, naomba niseme kwa heshima zote: flashi ilikuwa imejaa, na ilifutwa mbele ya macho yangu.

Video ya harusi ya gigabaiti 22 haitumwi kwa bando la mtu mwenye akili zake, na DVD ya kawaida hubeba 4.7 tu. Flashi iliyopangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi mafaili, husomwa na karibu kila televisheni, lakini haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Ningelazimika kuikata harusi vipande sita, kisu kikiingia kwenye keki katika faili moja na kutoka katika jingine. Nikachagua mfumo wa exFAT, uliotolewa na Microsoft mwaka 2006, ambao hubeba harusi nzima bila kuikata. Kwenye kompyuta ya studio yangu Kirumba, Mwanza, ilicheza vizuri. (Mnaouliza kwa nini sikuijaribu kwenye televisheni, endeleeni kuuliza, mnanifariji sana.)

Kule Nansio, mbele ya ukoo mzima, televisheni iliandika kwa Kiingereza kwamba kifaa hakitambuliki, ikauliza kama kifomatiwe, yaani kifutwe chote na kupangwa upya. Rimoti, ikiwa bado ndani ya nailoni yake, ilikuwa mkononi mwa baba mdogo wa bibi harusi.

“Inauliza kama iendelee,” akatutafsiria.

“Mzee wangu, tafadhali usibonyeze.”

Akabonyeza. Betri zilikuwa zimechoka, hapakutokea kitu. Akaigonga rimoti kiganjani, akaigonga tena, na wakati huo mimi nilikuwa nimeshasimama, nimeruka sinia la sato, ninamkwepa mtoto aliyelala mkekani, mkono nimeunyoosha kuielekea flashi. Akabonyeza tena. Mstari wa buluu ukatembea taratibu kutoka kushoto, ukafika kulia, na televisheni ikatangaza kwamba kifaa kiko tayari. Baba mdogo alipotamka “tayari”, sebule nzima ikapiga makofi, na bibi mmoja akapiga vigelegele.

“Haya mwanangu,” akasema mama wa bibi harusi, akijifunga khanga vizuri, “tuanzie kanisani.”

Nakala kuu ilikuwa studio. Nikarudi Mwanza, nikakata vipande, nikavuka tena, wakatazama, wakanisamehe. Fundi wa taa anadai posho ya safari ya pili. Nimemwelekeza kwa baba mdogo, ambaye mpaka leo anasimulia kwamba bila yeye televisheni isingekuwa tayari.