Daraja la tani 6

Siku ya Krismasi mwaka 2015, lori lenye trela lililosheheni maji ya chupa liliingia kwenye daraja la chuma la Gospel Street, katika mji mdogo wa Paoli, Indiana, Marekani. Kibao kilisema tani 6. Lori na mzigo wake vilikaribia tani 30. Daraja hilo la mwaka 1880 likaporomokea kwenye kijito cha Lick Creek. Dereva aliwaambia polisi kuwa kibao alikiona, ila hakujua tani 6 ni ratili ngapi. (Ni 12,000, tani ya Marekani ni kilo 907 tu.)

Wanaotaka madaraja ya aina hii yang'olewe walipata la kusema, na hoja yao ina uzito. Vyuma vyake vyembamba vimepangwa pembetatu pembetatu, kila kimoja ama kinavutwa ama kinabanwa, na vingi havina cha akiba: kimoja kikikatika, mzigo hauna pa kwenda. Silver Bridge, juu ya mto Ohio, lilikuwa la kuning'inia, si la aina hii, lakini mwaka 1967 lilianguka kwa ufa wa chuma kimoja tu. Watu 46 walikufa. Tena gari la zimamoto lililojaa maji huzidi tani 6 kwa mbali. Nyumba ikiwaka ng'ambo, lazima lizunguke.

Hata hivyo, Paoli si ushahidi wa uchakavu. Daraja lililosanifiwa enzi za mikokoteni ya farasi, likabebeshwa mara tano ya kiwango kilichoandikwa, lingefanyaje? Na chuma kina sifa ambayo zege haina: kipande kilichopinda hufunguliwa, kikanyooshwa au kubadilishwa, kisha kikafungwa tena. Watu wa Paoli walilirudisha lao badala ya kuliuza kama chuma chakavu.

Kwangu mimi, pasipo na njia nyingine ya karibu, lijengwe jipya pembeni na la zamani waachiwe waenda kwa miguu. Penye njia, la zamani libaki na magari madogo, ila kibao pekee hakitoshi. Liwekwe bomba la chuma lililolazwa juu ya barabara, la kuzuia magari yenye kimo kirefu. Tena lisiwekwe mdomoni mwa daraja. Dereva yule alisema pia kwamba aliogopa kurudi nyuma na trela lile, kwa hiyo bomba likae kule kwenye njia panda, ambako lori bado lina nafasi ya kugeuza.