Suzuki iliyoinuliwa na fimbo zake za staringi

Kuna kazi moja ambayo wenye Suzuki Samurai na Maruti Gypsy huitamani mapema: kuhamisha springi za bapa kutoka chini ya ekseli, zilikofungwa kiwandani, na kuzikalisha juu yake. Gari linapanda takriban sentimita 13. Springi ni zile zile za zamani, na kinachonunuliwa ni vikalio vipya vya kuchomelea kwenye ekseli pamoja na muda wa fundi. Ukilinganisha na seti za dukani, hakuna kimo cha bei nafuu kama hicho. Kwa hiyo mtu akisema ameridhika na springi zilizopinda zaidi kidogo, zinazoinua gari sentimita 5 tu huku zikibaki chini ya ekseli, wenzake humwona mwoga.

Mwoga huyo anaonewa, lakini tuanze na wanaomcheka, maana hoja yao si ya kitoto. Springi ikiwa chini ya ekseli, bamba lake na yubolti zake (boliti za umbo la U zinazoifunga) huning'inia chini kabisa, na kwenye mawe hushika kama nanga. Ukizihamishia juu, tumbo la ekseli linabaki tupu na gari linapita. Dereva wa Rhino Charge, mashindano ya magari porini yanayofanyika Kenya tangu 1989, ana saa 10 za kufikia vituo 13, na mshindi ni aliyetembea umbali mfupi zaidi. Hana nafasi ya kuzunguka jiwe. Kwake yeye sentimita 13 ni ushindi wenyewe, na anachokiharibu kwenye staringi atakibeba kwenye lori kurudi nacho nyumbani.

Tatizo ni kwamba gari la wengi wetu Jumatatu linaenda kazini.

Tazama zinapopita fimbo za staringi. Boksi la staringi limefungwa kwenye chesisi, upande wa dereva. Kutoka hapo fimbo ya kwanza, draglinki, inavuka mbele ya gari hadi kwenye mkono wa gurudumu la upande wa abiria, yaani chuma kinachogeuza gurudumu hilo, kisha fimbo ya pili, tairodi, inaunganisha gurudumu hilo na la pili. Kiwandani springi ilikuwa chini, fimbo zikapita juu yake bila kugusana. Watu wachache hukumbuka kwamba springi hiyo ndiyo iliyokuwa ngao: jiwe lilikuwa likiigonga kabla ya kufika kwenye tairodi. Ukiihamisha, mambo mawili yanatokea kwa mpigo. Tairodi inabaki wazi, chini, bila kinga. Na springi inaenda kukaa mahali hasa ambapo draglinki ilikuwa ikivuka kufikia mkono wa gurudumu.

Hapo ndipo fundi anapotoa dawa ya kwanza: kuikunja draglinki umbo la Z ili ipite chini ya springi na kupanda tena. Inafanya kazi, kwa maana ya kwamba gari linakata kona. Lakini fimbo iliyonyooka hubeba msukumo kwenye mstari mmoja kutoka ncha hadi ncha. Iliyokunjwa hujipinda kila inaposukumwa, na dereva anageuza usukani kidogo kabla gurudumu halijaitika. Fimbo yenyewe ikiwa imepashwa moto hadi ikawa nyekundu ili ikunjike, basi hata ugumu wake wa awali huna uhakika nao tena.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya hilo, nalo halionekani gari likiwa limesimama. Boksi limepanda na chesisi, mkono wa gurudumu umebaki chini na ekseli, hivyo draglinki imelala mshazari mkali. Tuchukulie fimbo ya sentimita 80. Kabla ya kazi, tuseme ncha yake ya juu ilikuwa sentimita 5 juu ya ile ya chini. Baada ya kazi ni 18. Sasa gari linapita kwenye tuta na ekseli inapanda sentimita 8. Kwenye mpangilio wa zamani, ncha ya chini inasogea pembeni milimita 1 hivi. Kwenye mpangilio mpya inasogea milimita 14. Mkono wa gurudumu ukiwa na urefu wa sentimita 15, hizo milimita 14 zinazungusha magurudumu zaidi ya digrii 5, na wewe umeshika usukani palepale, hujageuza kitu.

Rudia hesabu hiyo ukiwa kwenye mteremko wa Mai Mahiu, Kenya, nyuma ya lori. Unakanyaga breki, pua ya gari inalala, ekseli inakaribia chesisi, draglinki inanyooka na kusukuma. Kwa gari lenye usukani kulia, msukumo huo unaelekea kushoto, kando ya barabara. Dereva hujifunza kulizuia kwa kugeuza usukani kulia kila anapofunga breki, na baada ya muda husema gari "limezoeleka". Sikubali neno hilo. Gari linalojikatia kona lenyewe halina la kuzoeleka. Na atakayeliazima hatajua mpaka afunge breki.

Dawa sahihi ipo, na ni haki kuitaja. Ni kuweka mikono mipya ya magurudumu iliyo juu zaidi ya ile ya kiwandani, ili fimbo zote mbili zipite juu ya springi. Draglinki inarudi karibu na ulalo, usukani unatulia, na tairodi inaepuka mawe. Ningekuwa na la kuchagua kati ya hiyo na umbo la Z, nisingefikiri mara mbili. Ila fimbo iliyopanda juu ya springi sasa ina jirani mwingine juu yake: chesisi na tumbo la injini. Springi ikibonyea, zinakutana. Ili zisikutane, lazima raba za kuzuia ekseli zishushwe, yaani gurudumu lisipande sana. Sehemu ya nafasi uliyoinunua kwa kuinua gari unairudisha hapo hapo. Mikono hiyo nayo hufungwa kwa boliti. Kwa mfano, kwenye ekseli nzima za Toyota, Hilux na Land Cruiser za zamani, ni stadi nne (boliti zisizo na kichwa) kila upande ndizo zinazobeba mzigo wote, na kwa tairi kubwa hulegea zisipokaguliwa mara kwa mara.

Hapa ndipo namwelewa yule wa sentimita 5. Fimbo zake bado ziko chini, na hata zikiwa na ngao ya springi kuna siku zinagongwa, zinapinda. Lakini tairodi iliyopinda inakupa taarifa: usukani unakaa upande, tairi zinalika, na porini unaweza kuinyoosha kwa jeki na mnyororo ukafika nyumbani. Boljointi, kile kiungo kilicho kwenye ncha ya draglinki, ikilazimishwa na mshazari wa gari lililoinuliwa kuinama kupita uwezo wake, haitoi taarifa ya namna hiyo. Shingo yake inaegemea ukingo wa kikombe kila gurudumu linaposhuka, inachoka, na siku inakatika huna usukani kabisa.

Mafundi wengi hupima nafasi gari likiwa limesimama kwenye sakafu, magurudumu yamenyooka. Kipimo hicho hakisemi chochote. Kwanza toa shokapu, punguza springi libaki jani kuu, piga jeki upande mmoja mpaka ekseli iguse raba yake, upande wa pili ukining'inia. Bandika donge la unga wa ngano uliokandwa kwenye kila kona yenye shaka: draglinki na springi, tairodi na difu, fimbo na chesisi. Zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho, kisha badilisha upande. Unene wa unga uliobaki ndiyo nafasi yako. Mimi nataka usipungue upana wa kidole gumba, kwa sababu bushi zikizeeka springi haikai pale pale.

Ukiwa na tairi za 235/75 R15 (kimo cha inchi 29 hivi), ambazo mwinuko mdogo na kukata fenda kidogo vinazitosha, sioni sababu ya kuhamisha springi. Ukitaka za inchi 31 na kuendelea, hamisha, lakini hesabu mikono ya juu, raba mpya na mipira mirefu ya breki ndani ya bei tangu siku ya kwanza. Fundi akikutajia bei ya vikalio peke yake, muulize draglinki itapita wapi.