Niacheni Nikohoe kwa Amani

Mtu mzima, baba wa watoto, mwenye kitambulisho cha NIDA na deni la VICOBA, anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari, anavaa soksi gizani, anakanyaga kitu kinateleza. Kitunguu. Kipande cha kitunguu maji, kimekatwa duara safi, kimetulia unyayoni kana kwamba soksi ni bakuli la kachumbari. Nikamuuliza mama watoto, akanijibu huku kageukia ukutani: "Usikitoe, kinavuta homa. Kimetumwa kwenye grupu."

Homa yenyewe sina. Nina kikohozi. Kikohozi cha kawaida kabisa cha mwezi wa saba, cha vumbi na upepo wa kusi, kile ambacho ukikiacha kinaondoka chenyewe bila kuaga. Lakini mji huu hauna kikohozi cha kawaida. Ukikohoa ndani ya daladala umefungua zahanati. Konda, ambaye chenji hajui kuirudisha, anajua asali na pilipili manga. Mama wa dirishani ananipa karafuu kutoka kwenye pochi, "tafuna taratibu, usimeze." Kijana aliyeziba masikio yote mawili na muziki tangu Buguruni akazibua moja ili aniambie mafuta ya nyonyo, kifuani, usiku. Kule nyuma mtu akapaza sauti: supu ya pweza! Dar es Salaam hakuna ugonjwa utakaoutaja usiambiwe supu ya pweza. Atanitibuje kifua, jamani, pweza ambaye mwenyewe hana hata mapafu?

Nikafika kazini nanukia kitunguu. Mlinzi wa getini akanusa, akatikisa kichwa kwa huruma, akaniambia cha kitunguu maji hakifai, ningetumia saumu.

Hao wote niliwavumilia. Nina heshima zangu, siwezi kubishana na watu barabarani. Ila shangazi, we acha tu.

Shangazi yangu anaishi Lushoto, na akija mjini anasema amekuja kusalimia. Safari hii amesalimia na kiroba kizima cha majani. Hakunigusa paji la uso wala hakuniambia nipanue mdomo. Aliuliza mambo matatu tu: kikohozi ni kikavu au kina makohozi, kinabana usiku au mchana, na nimegombana na nani. Nikamwambia kikavu, usiku, na sijagombana na mtu. Akaguna kwenye hilo la tatu, akaenda jikoni.

Nikasikia likishushwa sufuria la shughuli. Sio sufuria letu, ni la kikundi cha akina mama, lile la pilau ya watu mia, lililopaswa kurudishwa tangu arobaini ya jirani. Ndani yake yakaingia majani ya mkaratusi, mchaichai, kivumbasi, majani ya mpera, ya mlimao, tangawizi iliyopondwa na maganda yake, na mwarobaini kwa kuwa hakuna kitu shangazi anachemsha bila mwarobaini. Halafu pilipili kichaa. Za nini, shangazi? "Za kuamsha." Kumwamsha nani, hakusema.

Nikavuliwa shati. Nikafungwa kanga ya mama watoto, imeandikwa MDHANIYE SIYE NDIYE. Nikakalishwa kwenye kigoda katikati ya sebule, sufuria kati ya magoti, na juu yangu likashuka blanketi lile zito la harusi yetu lenye picha ya chui, ambalo kwa joto la mji huu halijawahi kutandikwa tangu tuoane. Mfuniko ukafunuliwa. Nikamwona babu yangu mzaa baba.

"Vuta puani, toa mdomoni!" Shangazi yuko nje ya blanketi, ana mwiko, ananigonga bega akihisi navivia.

Hapo ndipo nikasikia hodi, na hodi ile naijua. Ni ya baba mwenye nyumba. Kodi ya miezi sita ilikuwa imeisha, yeye anajua, mimi najua, na ndiyo maana tangu mwezi uanze nimekuwa nikitoka nyumbani kabla hajarudi msikitini alfajiri. Nikajikunyata, nikashukuru Mungu kwa chui yule, nikasema moyoni leo nimefichika.

"Karibu baba," shangazi akasema. "Yupo, ndiye huyo hapo ndani."

Mzee akaingia, akavua viatu, akakaa, akakohoa. Kidogo tu, kikohozi cha kusafisha koo, cha mtu anayejiandaa kudai. Kosa kubwa sana.

"Baba, hicho kifua unacho tangu lini?"

"Hiki? Ah, muda mrefu, mama. Vumbi tu."

"Vumbi gani linalia hivyo? Vua kofia. Vua na hiyo kanzu, ubaki na msuli. Kigoda kipo."

Mzee wa watu alijaribu kukataa kwa lugha zote za kistaarabu. Alisema ana haraka. Alisema amekula. Lakini shangazi alishalea wanaume tisa, watoto na wadogo zake, na hajawahi kubembeleza hata mmoja. Pembe ya blanketi ikainuka, mwanga ukaingia, na baada ya mwanga akaingia baba mwenye nyumba. Pembe ikashushwa.

Sasa tupo wawili gizani, goti kwa goti, jasho linatiririka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Kikohozi tu."

"Naona," akasema, ingawa hakuna aliyekuwa anaona kitu.

Tukanyamaza kwa adabu. Kisha akajikusanya, akavuta pumzi ndefu ya kudai, nikaisikia inavyoingia: "Sasa Baba Asha, kuhusu ile ko..." Pilipili ikampokea. Alikohoa mpaka sufuria likatikisika. Akapumzika, akajaribu tena, "Ile kodi...", ikampokea tena. Nikaanza kuiheshimu tiba asili. Kumbe zile pilipili shangazi alikuwa anajua alichokuwa anakifanya!

Nikaona nimsaidie mzee kwa kubadilisha mazungumzo. Nikamuuliza kama amewahi kutumia dawa za miti. Hakuna swali bora kwa mtu unayedaiwa naye. Akasahau kodi, akaanza mwaka 2011. Alikwenda Samunge, kule Loliondo, kwa Babu, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, enzi zile nchi nzima ilipohamia kwenye kikombe. Foleni ya magari kilometa na kilometa, watu wanalala garini, wengine wamebebwa kutoka hospitalini, wengine wametoka Kenya. Mzizi wa mugariga umechemshwa, kikombe kimoja, shilingi 500, basi. Mwenye sukari kikombe hicho, mwenye presha kikombe hicho, mwenye ukimwi kikombe hicho hicho.

"Na wewe ulikwenda kwa shida gani, mzee?"

"Mgongo."

"Ukapona?"

"Nilipona pale pale. Ila ile barabara ya kurudi ikaurudisha."

Nami nikachangia kwa kuongeza muda. Nikamkumbusha 2020, enzi za korona, tangawizi na ndimu zilivyopanda bei, nyungu kila nyumba, na waziri wetu wa mambo ya nje wa wakati ule, Profesa Kabudi, alivyopanda ndege mpaka Madagaska kuleta ile dawa ya chupa ya pakanga.

"Pakanga?" Sauti ikatoka nje ya blanketi. "Pakanga imeota nyuma ya choo changu. Ndege ya nini?"

Mzee akamtetea. Akasema pakanga si ya kudharau, kuna ya Kichina ambayo ndiyo asili ya dawa ya mseto tunayomeza kwa malaria. Hapo alisema kweli. Mama mmoja wa Kichina, Tu Youyou, alipewa Nobeli mwaka 2015 kwa kazi aliyoifanya juu ya mmea huo, na wazo alilipata kwenye kitabu cha kale cha waganga wao. Shangazi akauliza kama huyo mama alipewa hela. Nikamwambia nyingi. Akanyamaza kidogo, kisha akatugonga wote wawili na mwiko.

Lakini hapo ndipo roho inaponiuma, na hili nalisema nje ya blanketi. Yule mama alipima. Aligundua kwamba ukilichemsha jani lile kwa moto mkali dawa inaharibika, akabadilisha namna ya kuitoa, akajaribu, akaandika. Muulize shangazi yangu. Majani mangapi? "Kiasi." Maji je? "Yafunike." Nichemshe muda gani? "Mpaka iive." Ninywe siku ngapi? "Mpaka upone." Na nisipopona? "Utakuwa hukunywa vizuri." Huwezi kumshinda mtu wa namna hiyo! Dawa haina kosa, mganga hana kosa, mkosaji ni mgonjwa peke yake. Mimi sikatai majani, nimekulia humo, mkaratusi unafungua pua na karafuu inatuliza jino, kila aliyewahi kuumwa jino usiku anajua. Nakataa kupimiwa kwa macho. Nyanya naruhusu anipimie kwa macho. Figo zangu hapana.

Maji yakapoa, blanketi likafunuliwa. Mzee alikuwa mwekundu, analia machozi ya afya, uso unang'aa. Akanitazama, akaisoma kanga yangu mwanzo mpaka mwisho, hakusema neno. Akapewa kijiko cha asali na ndimu, akavaa kanzu yake, akamshukuru shangazi kwa maneno mazuri sana. Nikadhani yamekwisha. Alipofika mlangoni akageuka, koo limefunguka, sauti safi, kama ya muadhini:

"Baba Asha! Kodi ya miezi sita! Ijumaa!"

Wapangaji wote wanne wakasikia. Mwenye chumba cha uani akazima redio ili asikie vizuri zaidi. Ndio ubaya wa dawa inayofanya kazi. Na shangazi akamwambia arudi Alhamisi kwa dozi ya pili.

Mimi bado nakohoa.

Halafu watu wanasema nina hasira. Nitakosaje hasira kwenye nyumba ambayo hakuna kitu kinachofanya kazi yake? Chukua chumvi, ina mchele ndani isishikane. Chukua maharage, yana pilipili kavu dhidi ya fukusi. Mchele una majani ya mwarobaini. Friji lina mkaa wa kuvuta harufu, na kwa jinsi umeme unavyokatika, mkaa ndio wenye kazi ya kudumu humo. Pasi inasuguliwa na dawa ya meno. Zipu ya begi la mtoto imepakwa mshumaa. Meno sasa nipigie nini? Majivu?

Sawa, ya majani ya mpapai nakubali. Nyama ya ng'ombe mzee, ile ya kulimia, ukiifunga kwenye majani ya mpapai kabla ya kupika inalainika kweli, utomvu wake unatafuna nyama. Ila shangazi aliifunga ikalala humo mpaka kesho yake. Tulikula kwa kijiko.

Na simu yangu. Simu iliingia kwenye ndoo, mama watoto akaizika kwenye mchele, maana mchele unanyonya maji. Jioni nikarudi nakuta pilau. Simu iko juu ya kabati, haiwaki, na mchele umeliwa na wageni wakasifu. Nilipouliza ni mchele upi, nikaambiwa nisianze.

Mnajua ni kwa nini mbinu zinatuzidi? Kwa sababu hakuna anayekuja kutengeneza. Bomba linavuja miezi mingapi, mwenye nyumba anakwambia fungia mpira wa baiskeli. Unafunga, linavuja pembeni ya mpira, jirani anakwambia weka sabuni ya kipande hapo kwenye ufa. Unaweka. Sasa linavuja povu! Nataka siku moja, moja tu, kitu kiharibike nyumbani kwangu, aje fundi, afungue boksi la vifaa, atengeneze, aondoke, asiwepo mtu wa kuniambia jaribu ndimu na chumvi.

Hata kula siwezi kwa utulivu. Mama ntilie pale karibu na kazini alikuwa ananing'iniza mfuko wa maji mlangoni, eti nzi wakijiona humo wanaogopa. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, akahamia kwenye chupa. Nimewatazama wale nzi kwa makini, sina haraka, nasubiri maharage. Wanatua juu ya chupa. Wanapumzika, wanajifuta mikono, wanaangalia sahani ya nani imefika. Nikamwambia dada, hawa hawaogopi. Akaniambia hao ni wageni, hawajazoea.

Nilimpa elfu tano, wali maharage, akasema chenji hana, nipitie kesho. Kesho yenyewe Jumapili, hafungui.