Habari ya Udukuzi Isiyotaja Toleo Usiipe Muda Wako

Machi 2024 mitandao ilijaa vichwa vya "Linux imedukuliwa". Wenye seva wakahaha, wengine wakazima mashine zisizokuwa na tatizo lolote. Ukweli ulikuwa mdogo kuliko kichwa cha habari, lakini mzito: ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, mtu alikuwa amepachika msimbo wa siri, na ulikuwemo katika matoleo mawili tu, 5.6.0 na 5.6.1. Debian 12, mmoja wa mifumo ya Linux, haikuguswa kabisa, kwa sababu ilibeba 5.4.1. Mifumo iliyoguswa ilikuwa hasa ya majaribio, kama Debian testing, na ile inayosasishwa mfululizo, kama openSUSE Tumbleweed.

Kwa maoni yangu, makala ya usalama isiyotaja namba ya toleo wala namba ya CVE, yaani namba ya utambulisho ya tundu la usalama, ni udaku wa kompyuta. Namba ya tukio hili ni CVE-2024-3094. Ibandike kwenye cve.org au nvd.nist.gov usome matoleo yaliyoathirika, kisha fungua security-tracker.debian.org, au ukurasa wa usalama wa mfumo unaoutumia, uone wao wanasemaje. Mwisho angalia mashine yako. Kwenye Debian andika dpkg -l xz-utils, uone toleo bila kuiendesha xz yenyewe. Programu unayoishuku usiiendeshe ili tu ikutajie toleo lake.

Hapo kwenye matoleo ndipo hata waandishi wazuri hujikwaa. Mwaka 2014, tundu la Heartbleed lilipotokea, watengenezaji wa OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni, waliliziba katika 1.0.1g. Makala zikasema chochote chini ya hapo ni hatari. Lakini Debian 7 ilibaki na 1.0.1e, ikachomeka kiraka humohumo na kuiita 1.0.1e-2+deb7u5. Aliyesoma "1.0.1e" akaishia hapo alidhani yumo hatarini hata baada ya kusasisha. Ule mkia wa deb7u5 ndio wenye jibu, na tovuti ya habari haiwezi kukupa. Anao aliyetengeneza mfumo wako.

Alama ya ukali nayo hupotosha. xz ilipewa 10 kati ya 10, ila alama hiyo hupima uzito wa tundu lenyewe, haijui kama wewe unalo.

Tovuti kumi zikisema jambo moja, fuata viungo vyao. Mara nyingi zote zimenakili chanzo kimoja, kwa hiyo una shahidi mmoja. Kwa xz, chanzo ni taarifa ya Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, ya Machi 29. Alianza kushuku baada ya kuona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Taarifa yake ina majina ya mafaili, vipimo vya muda, na kauli ya wazi kwamba yeye si mtafiti wa usalama. Kauli kama hiyo ni rahisi kuachwa na anayenakili.