Kila kitu kimo, spika hazimo

Jamani hivi hawa watu wa miziki ya kitajiri wanatuonaje? Zamani redio ilikuwa kitu kimoja, redio kaseti, spika zake ubavuni, mkono wa kubebea juu, ukihama unaipakia juu ya godoro safari inaendelea. Wakaja wataalamu wakasema hapana, mziki wa maana unatenganishwa, ampu ya kukuza sauti kivyake, prii-ampu ya kuchagua chombo na kurekebisha volyumu kivyake, CD kivyake. Tukatii. Kampuni ya Naim ya kule Salisbury, Uingereza, wao walivuka mpaka, wakawa wanauza na boksi la pawasaplai, yani boksi zima zito kazi yake ni kulisha boksi lingine umeme, eti umeme mchafu usiguse sauti. Na watu walinunua! Wanaume wazima na ndevu zao.

Sasa Naim haohao 2017 wakatoa Uniti Atom, kiboksi kimoja, ampu humohumo, waifai humohumo, bluetooth, redio ya intaneti, kile kidude cha kugeuza dijito kuwa sauti nacho kimo, na juu kuna gurudumu la volyumu linawaka taa. Bei ilianza zaidi ya paundi elfu moja na mia tano, hiyo kwa hela ya madafu ni zaidi ya milioni nne. Nikasema sawa, tajiri ana haki ya kutumia, ila nikauliza swali dogo tu, spika ziko wapi? Hazimo! Kila kitu kimo isipokuwa kile kinachotoa sauti, hizo ukanunue tena.

Afu ubaya wenyewe ni kwamba nakitamani.

Maana mi sebuleni nina mlima wa vyombo vya mziki. Vyote used za Ulaya, kila kimoja nimekipata kwa msimu wake, na nyuma ya kabati kuna waya ambazo hata mimi niliyezichomeka siku hizi nazigusa kwa kubahatisha. Kuwasha kuna utaratibu, vinatangulia vidogo ampu inakuja mwisho, ukikosea tu spika zinapiga PUUU mtoto anaamka. Rimoti zipo za kumwaga, ninayoitaka haipo. Mgeni akija anauliza shem hapa mnarusha redio? Mama watoto hajawahi kuugusa ule mziki hata siku moja, yeye anatumbukiza simu kwenye sufuria tupu, taarab inasikika mpaka uani, nami nimekaa pale na milima yangu natafuta waya uliolegea.

Na ndo maana hivi viboksi vinauzika bwana, tusidanganyane kwamba ni sauti peke yake. Mtengenezaji akiviweka vyote ndani anavipatanisha mwenyewe kiwandani, waya za katikati zinakuwa fupi, we huna cha kulaumu wala cha kubadilisha, unawasha unakaa. Amani ndani ya nyumba.

Ila wati sasa! Uniti Atom ni wati 40 kila spika. Arobaini! Nenda Kariakoo chukua sabufa, boksi limeandikwa wati elfu kumi za PMPO, ina USB, ina redio, bluetooth, tundu la maiki, rimoti, na spika zake zimo. Najua, najua, zile arobaini ni za kweli na zile elfu kumi ni za kwenye boksi, zingekuwa za kweli yuniti za umeme zingeisha kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio. Lakini kwa kukusanya vitu pamoja mtaa ulitangulia bwana, tulichokosa ni alumini na bei ya kutisha tu.

Wafaransa nao, Devialet, 2010 walitoa D-Premier, nayo ampu na vyenzake ndani ya boksi moja, bapa, inang'aa kama mizani ya kupimia uzito, ukiisahau sakafuni mgeni anavua viatu anapanda. Na KEF, watengeneza spika, wakatia ampu ndani ya spika zenyewe, LS50 Wireless, yani bila waya, hapo nikapiga makofi, hatimaye! Kumbe toleo la kwanza kila spika inataka waya wake wa umeme na mwingine wa kuziunganisha zenyewe kwa zenyewe. Wireless hiyo.

Halafu boksi la hivi likiharibika je? Ampu nzuri inakula miaka thelathini, fundi wa mtaani anabadilisha kapasita maisha yanaendelea, ila ile sehemu ya intaneti inazeeka kama simu, na vikikaa boksi moja mgonjwa mmoja wodi nzima inaenda kwa fundi. Shemeji yangu yuko Uingereza anacho kimojawapo, sikitaji, kaalika watu, nyama iko jikoni, kaboksi kakaandika kwenye kioo kanajiapdeti tafadhali usizime.

Kwa hiyo nauza. Ampu, prii-ampu, CD, vyote, rimoti nitakayoipata. Njoo na gari, waya nakupa bure lakini kuzichomoa ni juu yako. Na usiniulize nitanunua nini, nimeshapiga hesabu, vyote hivi vikitoka napata hela ya sabufa na chenji ya sufuria.