Sahihi Tu, Dokta

Jana usiku, saa tano na dakika kumi na nne, simu ikalia. Ujumbe: "Shikamoo Dokta." Basi. Hakuna jina, hakuna shida. Kwanza mimi bado si dokta. Tasnifu yangu iko mwaka wa sita na sura ya tatu, lakini ukimsahihisha mwanafunzi usiku ule ataona umemkasirikia. Nikajibu marahaba.

"Samahani kwa usumbufu."

Bila samahani.

"Umeshalala?"

Ningekuwa nimelala ningejibu na nini? Nikaandika: bado, sema.

"Naweza kukuuliza kitu?"

Uliza.

Hapo akapotea. Pale juu panaonyesha anaandika, panaacha, panaanza upya, nikajua leo inakuja risala. Baada ya dakika ishirini ikashuka: "Ni kuhusu usajili wa masomo."

Hebu nisaidieni. Usajili ulikuwa unafungwa saa sita kamili usiku huohuo. Dirisha lilikuwa wazi wiki mbili, tangazo limebandikwa mpaka mlango wa choo. Na mfumo, kama tunavyoujua, ulikuwa na afya njema siku zote 13 ambazo hakuna aliyeugusa, ukaanza kuzungusha kale kaduara siku ya 14 walipouvamia wote kwa pamoja. Saa sita na dakika tatu nikaletewa picha ya skrini. "Dokta, unasema umefungwa. Tunafanyaje?"

Tunafanyaje. Mimi na nani?

Niseme kidogo kuhusu hiki cheo. Mshauri wa kitaaluma. Barua ya uteuzi ilikuwa na mistari minne, wa mwisho ukisema "pamoja na majukumu yako mengine". Posho haikutajwa. Walitajwa wanafunzi 68. Siku ile nilijiona mzee wa busara, vijana wamenizunguka, mimi nawaonyesha njia. Nikanunua daftari gumu, nikaandika jaladani kwa herufi kubwa: USHAURI. Huu ni mwaka wa tano. Ukurasa wa kwanza una tarehe, na chini yake mstari nilioupiga kwa rula. Mengine meupe. Watu hawaji kushauriwa, wanakuja kusainiwa.

Basi asubuhi nimemkuta mlangoni kabla sijatoa ufunguo. Kijana mrefu, shati limenyooka, fomu ya usajili uliochelewa mkononi. Hakukaa.

"Sahihi tu, Dokta."

Nikamwambia kaa. Jina? Akataja. Nikafungua kabati. Kumbe wa kwangu! Ni wa kwangu tangu mwaka wa kwanza, sasa yuko mwaka wa nne, na sura yake ndiyo nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza. Kanuni inasema kila muhula aje, tukae, tupitie masomo, nitie sahihi, ndipo usajili ukamilike. Nikavuta faili nikitegemea halina kitu.

Fomu zimo zote. Mihula sita, sahihi sita. Zangu. Tena nzuri kuliko zangu. Ile herufi ya mwisho ambayo mimi huishia kuikwaruza kama kuku, pale imezungushwa mkia ukashuka, ukapanda, ukajikunja kama sahihi ya gavana kwenye noti.

"Hizi alisaini nani?"

"Si wewe, Dokta."

"Mimi sijasaini hizi."

"Aa, sio kwamba sio wewe. Nimesema, si wewe, Dokta? Yaani, ni wewe."

"Mimi?"

"Labda ulikuwa na haraka."

Mtu mwenye haraka anapamba mkia? Nikavua miwani, nikamwangalia. Akaangalia viatu. Nikamuuliza sasa leo imekuwaje akaja mwenyewe, aliyekuwa anamsainia yuko wapi?

"Amehitimu, Dokta."

Amesema kwa huzuni ya kweli. Nikakosa la kujibu. Nikasogea kwenye fomu.

Fomu ina masomo manane. Kikomo ni krediti 18 kwa muhula, yeye ana 24. Mawili yanagongana Jumanne saa nne. ("Nitagawa muda, Dokta.") Ameandika Takwimu ya Pili, na Takwimu ya Kwanza ni kiporo chake, somo alilofeli na hajalirudia, tangu mwaka wa pili. Nikamweleza kwamba ya kwanza ndiyo sharti la ya pili, huwezi kuezeka nyumba isiyo na kuta. Akasema ataanza na ya pili, akiielewa, ya kwanza itakuwa rahisi.

"Manane ya nini lakini?"

"Nataka daraja la kwanza, Dokta."

Hapa ndipo nilipofanya kosa. Ningesema haiwezekani, tukaachana. Nikachukua karatasi. Nikajihisi mshauri. Nikamwambia sogea, tuhesabu pamoja.

Ameshamaliza krediti 90, GPA yake, yaani wastani wa pointi zake, ni 2.3. Zidisha: pointi 207. Shahada nzima ni krediti 120, zimebaki 30. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, zidisha kwa 120: pointi 528. Toa zile 207, zinabaki 321. Gawa kwa 30.

"Unatakiwa upate 10.7 katika kila somo."

Akaandika kwenye simu. 10.7. Akaniuliza kwa adabu zote:

"Na A ni ngapi?"

"Tano."

Kimya. Akahesabu kwa vidole.

"Kwa hiyo A mbili kila somo."

"Mbili na kidogo."

"Ndiyo maana nimechukua manane."

Nilihisi kitu kinadunda nyuma ya sikio. Nikamweleza kwamba ukiongeza masomo na kigawanyo nacho kinaongezeka, kwamba hata akizoa A tupu katika krediti zote 30 anaishia 2.975. Akauliza je akirudia kwa sapu, ule mtihani wa marudio? Nikamwambia sapu kwetu, hata ujibu kama malaika, inaandikwa C. Akauliza je akiandika barua? Kwa nani? "Kwa wahusika." Wahusika gani, wa hesabu?

Kilichoniuma si hilo. Mwaka wa kwanza, ukiwa na krediti 15, GPA ni fimbo mbichi. Umeanguka na 1.8? Muhula mmoja mzuri unaikunja unavyotaka. Kadiri krediti zinavyorundikana inakauka, na ikifika 90 ni nguzo ya zege, utaisukuma mpaka utoke kijasho na haitasogea. Hilo lilikuwa la dakika tano. Mlango ulikuwa wazi. Miaka mitatu nimekaa kwenye kiti hiki kinachoegemea upande mmoja, na daftari langu, na rula yangu! Nilikuwa nimeshasimama. Sauti ilishatoka mpaka koridoni, na wale wa kwenye foleni wakawa wanachungulia.

Yeye akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Nimekuelewa kabisa, Dokta. Kwa hiyo, sahihi?"

Nikakata matatu, likiwemo la Takwimu ya Pili, nikamwandikia kiporo chake, nikasaini, akaenda.

Foleni ikaendelea. Binti mmoja alilia nusu saa kwa sababu ya B+, ya kwanza katika maisha yake, akamaliza tishu zangu. Mwingine anataka barua ya mapendekezo inayomtaja kuwa kiongozi shupavu ninayemfahamu kwa karibu. Jina lake nimelijua kwa kulisoma kwenye ombi hilohilo, na mwisho wa kuituma ni leo saa kumi. Mzazi akapiga simu anataka matokeo ya kijana wake. Nikamwambia kijana ni mtu mzima, matokeo ni siri yake mpaka aridhie mwenyewe. "Ada nayo ni siri yake?" Nikasema mtandao unakatika, nikakata.

Jirani yangu wa mlango wa pili ana wanafunzi 70 na kwake hapana foleni. Nilidhani ana mbinu za kitaalamu. Kumbe huzima taa, akajifungia ndani, akakaa gizani kama mgonjwa wa macho. Mchana kaniandikia: "Wameondoka?" Nikamjibu bado. Akasema basi niko hapa.

Na kalamu. Nani atanieleza habari za kalamu? Mtu anakuja kusaini bila kalamu, anaazima yangu, anaondoka nayo huku anasema asante. Mwezi uliopita niliifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, kama mbuzi. Leo nimeinama nikakuta kamba inaning'inia, mbuzi hayupo.

Saa tisa alasiri hodi tena. Yule yule, shati bado limenyooka.

"Dokta, wameikataa."

"Nani?"

"Ofisi ya usajili. Wanasema sahihi hailingani na zile za kwenye faili."

Nikaipokea fomu. Kweli, wameizungushia duara jekundu. Mstari wa pembeni unaagiza mshauri atie sahihi yake halisi, na ofisi inafungwa saa tisa na nusu. Nikatafuta kalamu. Akachomoa ya kwake mfukoni, ya bluu, kofia imetafunwa, shingoni ina kipande cha kamba. Sikuuliza. Nikafungua daftari la USHAURI ukurasa wa pili, nikaweka fomu ya mwaka wa kwanza pembeni, nikaanza kujaribu ule mkia. Wa kwanza ukapinda. Wa pili ukakwama njiani.

Akasogeza kiti, akainama juu ya bega langu.

"Usikaze mkono, Dokta."